Mama mkwe anataka kumkatisha mwanangu kimeo, nami nakaribia kurudi kazini

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 28, nimeolewa, na ninaishi Tandika, Dar es Salaam, katika nyumba ya familia ya mume wangu. Baba mkwe alishafariki. Mama mkwe anakaa vyumba vya mbele pamoja na wifi yangu, ambaye ndiye mziwanda wao, nasi tumepewa vyumba viwili vya uani, karibu na jiko la mkaa wanalopikia watu wote wa nyumba hiyo. Hatulipi kodi, jambo ambalo limetusaidia sana, kwa sababu mshahara wangu na wa mume wangu hata tukiiweka pamoja bado haitoshi kupanga nyumba nzuri tukabaki na fedha za kula. Mwenyezi Mungu ametujalia mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ambaye sasa ana wiki 10. Likizo yangu ya uzazi inaisha baada ya wiki 2. Ninafanya kazi Posta, na tangu nikiwa mjamzito ilieleweka kwamba nitakaporudi kazini mtoto atabaki na bibi yake.

Kabla sijasema lolote baya, naomba nimtendee haki mama mkwe. Mama yangu mzazi yuko Masasi na afya yake haikumruhusu kuja, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyenilea katika uzazi. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akafua nepi kwa mikono yake na kukesha na mtoto ili mimi nilale, mpaka arobaini ikatimia. Sijasahau hata kidogo.

Matatizo yalianza mtoto alipofikisha wiki 6, akawa analia sana nyakati za jioni huku akikunja miguu. Mama mkwe alisema ni mchango na kwamba ana dawa yake. Nilimweleza kwa upole kuwa kliniki wametuagiza mtoto asipewe chochote isipokuwa maziwa ya mama hadi atimize miezi 6. Hakunijibu. Siku chache baadaye nilitoka kwenda dukani, na niliporudi nikakuta chupa ya mtoto ina mabaki ya maji ya rangi ya kahawia. Nilipouliza, alisema ni vijiko viwili tu na kwamba mtoto amelala vizuri kwa sababu hiyo. Nilimwomba asirudie. Alilia, akasema kwamba amelea watoto 5 kabla mimi sijazaliwa na kwamba hajamzika ila mmoja. Tangu siku hiyo kila anachofanya nakiogopa: namna anavyomkanda mtoto, wanja anaompaka, kitambaa cheusi alichomfunga mkononi. Mtoto akiwa mikononi mwake mimi hukaa mlangoni.

Sasa limekuja kubwa zaidi. Mtoto ana kikohozi kwa zaidi ya wiki moja. Nilimpeleka kituo cha afya, wakampima, wakaniambia ni mafua ya kawaida, niendelee kumnyonyesha na nirudi nikiona anabadilika. Kikohozi kimepungua mchana lakini usiku bado kinamsumbua, na mara nyingine hutapika maziwa. Mama mkwe alimfungua mdomo akammulika kwa tochi ya simu, akasema kimeo chake ni kirefu na ndicho kinachomwasha koo, na kwamba asipokatwa mapema tutakuja kujuta. Anasema mtoto wake wa tatu alikuwa hivyo hivyo, akafa kabla hajapelekwa kwa fundi. Mume wangu na ndugu zake wote walikatwa kimeo wakiwa wachanga.

Nilimwambia mume wangu kuwa sikubali. Alinijibu, “Mimi mwenyewe nilikatwa na niko hai,” kisha akanyamaza, na kila nikianzisha mazungumzo hayo anatoka nje. Juzi wifi yangu alinidokeza kwa siri kwamba mama ameshazungumza na mzee mmoja wa Mbagala anayekata vimeo, na kwamba anasubiri tu nirudi kazini. Aliniapisha nisimtaje.

Sina raha, sina usingizi, na maziwa nayaona yanapungua. Nikisema kwa sauti, nitaonekana mkwe asiye na adabu anayekula na kulala bure katika nyumba ya watu kisha anawafundisha kulea. Nikinyamaza, naogopa nitarudi siku moja kutoka kazini nikute damu. Wakati mwingine nafikiri nimwambie mume wangu achague, mimi na mwanangu au mama yake. Nifanye nini ili nimlinde mtoto wangu bila kuvunja nyumba?

Mama wa Mtoto Mmoja, Tandika.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupata mtoto. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa mapema kabisa ni kwamba ulianza kwa kuhesabu mema ya mama mkwe wako ilhali moyo wako umejaa hofu. Mtu anayeweza kufanya hivyo bado ana njia ya kuzungumza na watu wake.

Nikikuelewa vizuri, mambo yako ni mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni usalama wa mtoto, ambao una tarehe: baada ya wiki 2 utaondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, na umeambiwa kuwa kuna jambo limepangwa kufanyika wakati huo. La pili ni nafasi yako katika nyumba hiyo, yaani nani mwenye neno la mwisho kuhusu mtoto, na kama wewe, uliyepokewa na kutunzwa, unaruhusiwa kusema hapana. Hili la pili litachukua miaka, lakini la kwanza haliwezi kusubiri.

Kuhusu kimeo nitasema waziwazi. Kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo ni sehemu ya kawaida ya mwili, kila mtu anazaliwa nacho, na urefu wake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mtoto mchanga anapokohoa, sababu huwa kwenye njia ya hewa au mapafu, nayo inaweza kuwa mafua, nimonia, kifaduro, pumu, kifua kikuu au moshi, na kukata kimeo hakuondoi hata moja kati ya hizo. Kinachoweza kuletwa na wembe au kisu cha fundi ni kuvuja damu katika mwili wenye damu kidogo sana, maambukizi ya koo na ya damu, pepopunda, na magonjwa yanayohama kutoka mtoto mmoja hadi mwingine kwa kifaa kilekile, yakiwemo Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B. Tena mtoto aliyekatwa koo linamuuma, anakataa kunyonya, na wakati huo ugonjwa uliokuwa ukimfanya akohoe unaendelea bila tiba. Kwa hiyo hofu yako ni ya haki, na usikubali mtu yeyote akuambie kuwa ni woga wa mzazi wa mara ya kwanza.

Hata hivyo, hofu ikishakuwa ya haki huwa inapenda kuenea mpaka ikafunika kila kitu. Umeandika kwamba sasa kila anachofanya mama mkwe unakiogopa, nami naomba tuvitenganishe vitu hivyo kidogo. Kumkanda mtoto kwa mkono mwepesi hakuna ubaya. Kitambaa cheusi mkononi, kama hakijabana na hakina shanga ya kumezwa, ni faraja ya bibi na hakimdhuru mjukuu. Wanja ni jambo jingine, kwa sababu baadhi ya wanja zinazouzwa zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na kwa macho hutaijua ipi ni ipi. Hilo ningeomba liachwe. Dawa ya mchango na maji nayo hayamfai mtoto wa umri huo. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa sana ni maji, kwa hiyo hata katika joto la Dar es Salaam mtoto anayenyonya vizuri hahitaji maji mengine, na jiji letu linajua kipindupindu, ukiwemo mlipuko wa mwaka 2015 na mingine mingi kabla yake, hivyo kila chupa na kila kijiko kisichochemshwa ni mlango. Kuhusu kile kilio cha jioni, kwa watoto wengi huwa kikali zaidi karibu na wiki ya 6 na kupungua chenyewe kufikia miezi 3 au 4, jambo ambalo bibi naye ameliona kwa watoto 5, ingawa huenda aliipa sifa dawa aliyokuwa akiwapa wakati huo.

Ukivitenganisha hivyo, utakuta unayopaswa kuyashikilia bila kulegea ni machache: asikatwe, asipewe kitu mdomoni zaidi ya maziwa yako, asipakwe wanja, na asitolewe nyumbani kwenda kwa tabibu yeyote bila wewe au baba yake kujua. Mengine unaweza kumwachia bibi kwa moyo mweupe, na ni vizuri aone kuwa umemwachia. Mama mkwe anayekatazwa mambo 20 huona kwamba anayekataliwa ni yeye mwenyewe, na hapo hata lile katazo la maana linachanganyika na uchungu wake.

Sasa naomba urudi kwenye sentensi uliyoipita haraka katika barua yako, ile inayomtaja mtoto wake wa tatu. Mama huyu alizika mtoto aliyekuwa akikohoa. Kwa miaka yote hii ameishi akiamini kwamba mtoto yule angepona kama angewahishwa kwa fundi, na sasa anasikia kikohozi kama kile kila usiku kupitia ukuta. Umemsoma kama mtu anayetaka kukupokonya mamlaka, na huenda kuna kidogo ya hilo, maana mama wakwe nao ni binadamu. Lakini jaribu kufikiri kwamba anachokifanya kwa siri anakifanya kwa sababu anaamini wewe ndiye unayechelewa, kama alivyochelewa yeye. Ninyi wawili mnakesha kwa hofu ileile. Hilo halifanyi mpango wake kuwa salama, wala halifuti ile chupa uliyoikuta, ambayo ilikuwa ni kwenda kinyume na ulichomweleza. Linabadilisha tu namna ya kumwendea. Mtu mwenye msiba wa namna hiyo hawezi kuambiwa “kimeo si ugonjwa” akaridhika, kwa sababu katika maneno hayo atasikia kuwa mwanawe alikufa kwa jambo jingine ambalo hakulijua. Anahitaji kwanza kuulizwa habari za mtoto yule, jina lake, alikuwaje, na kusikilizwa mpaka amalize.

Na mume wako? Umehesabu ukimya wake kuwa ni kura kwa mama yake. Inawezekana. Lakini fikiria mzigo wa sentensi unayomtaka aiseme. Akikubali kwamba kukata kimeo ni hatari, anakubali kwamba mama yake alimweka yeye na ndugu zake katika hatari hiyo, na kwamba msiba wa nyumba yao ulikuwa na maelezo mengine. Mwanamume anayetoka nje kila mazungumzo hayo yanapoanza si lazima awe amekupinga. Huenda hana maneno. Tena sheria yetu ya kazi inampa baba siku 3 tu za likizo mtoto anapozaliwa, na wewe siku 84, kwa hiyo wewe umekaa na mtoto huyu na maelekezo ya kliniki kwa wiki nyingi wakati yeye anamwona jioni tu. Ungeweza kumwambia hivi, mkiwa wawili na mtoto amelala: “Sisemi mama alikosea kwako. Alifanya lililojulikana wakati ule, na alilifanya kwa mapenzi. Mimi nazungumzia kisu kuingia kinywani mwa mwanetu mwezi huu, na ninakuomba uende nami kliniki ukasikie mwenyewe.” Kuhusu neno lake kwamba alikatwa na yuko hai, usilishindanie sana. Ni kweli yuko hai, na tunashukuru. Lakini waliokatwa wakafa hawapo hapo sebuleni kutoa ushahidi wao, na yeye, akiachwa afikiri kwa utulivu, analijua hilo.

Lile wazo la kumtaka achague kati yenu na mama yake nalielewa, kwa kuwa mtu aliyechoka hutamani jambo liishe kwa neno moja. Ila tazama hatari yake. Mtu akilazimishwa kuchagua, anaweza kuchagua vibaya kwa hasira ya siku moja, na hata akikuchagua wewe, bado mtaishi ua mmoja na mwanamke aliyepoteza mtoto wa pili, safari hii kwa mkono wako. Sikukatazi kufika huko kama itabidi. Ninasema kwamba bado kuna milango kadhaa ambayo hujaigonga.

Mlango ulio karibu ni kikohozi chenyewe, maana kikohozi kikiisha, hoja ya kimeo inapoteza nguvu. Mrudishe mtoto kliniki sasa, usisubiri, kwani kikohozi kinachozidi siku 14 kinahitaji kuchunguzwa upya, na umesema anatapika. Waeleze kama anakohoa mfululizo mpaka anakosa pumzi. Chukua kadi yake muangalie pia chanjo za wiki 10, na zile za wiki 14 mziweke akilini, kwa sababu miongoni mwake imo kinga ya kifaduro na pepopunda, na mafua madogo hayazuii mtoto kuchanjwa. Nyumbani, mhesabie pumzi akiwa ametulia kwa dakika nzima: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea, amepatwa na degedege, usihesabu tena, mpeleke hospitali usiku huohuo. Halafu kuna moshi. Umesema vyumba vyenu viko uani karibu na jiko la mkaa, na nyumba nyingi za kwetu zina udi, ubani na ile dawa ya mbu ya kuchoma inayoachwa ikiungua hadi alfajiri. Siwezi kujua kama ndicho kinachomkohoza mwanao, lakini moshi huwasha njia za hewa za mtoto, na kikohozi chenu kinazidi usiku. Hapa ndipo ningemshirikisha bibi kwa dhati: mwombe yeye, kama mkubwa wa nyumba, asimamie jiko lisogezwe mbali na dirisha, na mtoto alale ndani ya chandarua badala ya dawa ya kuchoma. Itakuwa kazi ya kumlinda mjukuu iliyo mikononi mwake, na itakuwa kazi ya kweli.

Ningefikiria pia safari ya kliniki ya watu watatu, wewe, mume wako na mama, ili daktari au muuguzi amtazame mtoto koo mbele ya bibi na kujibu maswali yake. Heshima ya mtu mzima hukubali kwa urahisi zaidi neno la mtaalamu kuliko neno la mkamwana. Hatari yake naijua: wapo watoa huduma ambao, wakisikia habari za kimeo, humfokea mama mtu mzima mbele ya foleni nzima, naye hatarudi tena na badala yake atafanya mambo yake kwa siri zaidi. Kwa hiyo tangulia wewe, ongea na muuguzi pembeni, mweleze kuhusu mtoto aliyefariki, na umwombe azungumze naye kama mzazi mwenzake. Kama kituo kile hakina mtu wa hivyo, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kuja nyumbani, na mara nyingi mazungumzo ya mkekani huenda mbali zaidi.

Yanabaki yale yanayohusu kazi. Sitakuambia umwachie bibi mtoto au usimwachie, kwa sababu wewe ndiye utakayemtazama usoni baada ya mazungumzo hayo na kujua kama ameelewa au amekubali ili yaishe. Lakini usidhani kwamba siku ya 84 imefunga kila njia. Kama hujatumia likizo yako ya mwaka, sheria inakupa siku 28, na ukiafikiana na mwajiri ukaziunganisha, mtoto atakuwa amefika wiki 16, amepata chanjo za wiki 14, na kikohozi hiki pengine kimekwisha. Hasara yake ni kwamba utakuwa umemaliza akiba ya mwaka mzima mapema, na kama mtatumia siku hizo kunyamaziana, mtarudi palepale. Sheria hiyohiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Kwa foleni ya kutoka Posta hadi Tandika hutaweza kwenda na kurudi katikati ya mchana, ila wapo wanaokubaliana na wakubwa wao wa kazi kuzitumia kwa kuchelewa asubuhi au kuwahi kutoka, na kadiri saa za mtoto kukaa bila wewe zinavyopungua ndivyo hofu yako inavyopata mahali pa kupumzika.

Anza pia kukamua maziwa sasa, ili siku ya kurudi kazini isiwe siku ya majaribio, na bibi ajifunze kumnywesha kwa kikombe kidogo safi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 katika chumba chenye nyuzi joto 25 au chini ya hapo. Vyumba vyetu mara nyingi vina joto zaidi, kwa hiyo yawekwe kwenye friji, ambako hudumu hadi siku 4, au angalau kwenye kideli chenye barafu kwa siku hiyo. Bibi akiwa na maziwa ya kutosha na kazi inayoeleweka, kishawishi cha maji na dawa kinapungua. Na kuhusu maziwa yako kupungua, mara nyingi uchovu na wasiwasi hukawiza maziwa kutoka wakati bado yapo. Mnyonyeshe mara nyingi, na ulale mchana unapoweza. Kama kukosa raha na usingizi kunaendelea hata mtoto anapokuwa salama amelala, waeleze kliniki habari zako pia, kwa kuwa nao wapo kwa ajili ya mama.

Wengine wangekushauri uchukue dada wa kazi awe macho yako. Inaweza kusaidia katika kufua na kupika, lakini binti mdogo aliyetoka mkoani hawezi kumzuia mama mwenye nyumba anayetoka na mjukuu wake, na haitakuwa haki kumbebesha mzigo huo. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo, ila vingi havipokei mtoto wa umri huu, na unapaswa kujua kama kimesajiliwa na nani anamshika mtoto. Kuhama kunawezekana, na huko mbele pengine kutakuwa jambo jema kwenu nyote. Leo hii, kwa mshahara ulioueleza na wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, kunaweza kuwatia katika madeni, na bado mtoto atahitaji mtu wa kubaki naye.

Kisha kuna lile ambalo natumaini hamtafika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu, na inawapa wazazi wajibu wa kumlinda. Ukijua kwamba siku imepangwa na hakuna anayekusikiliza, usiende kazini siku hiyo; kaa na mtoto wako, na unaweza kumwona afisa ustawi wa jamii au kupiga namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa ajili ya watoto. Najua ukiwaleta watu wa serikali uani kwa mama mkwe, kuna maneno yatakayosemwa ambayo hayatasahaulika katika ukoo huo, na ndiyo maana sijaanza na ushauri huu. Hata hivyo uhusiano uliovunjika unaweza kuja kuungwa na wazee, arusini au msibani, wakati koo la mtoto wa wiki 12 haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Hesabu hiyo utaifanya wewe na baba yake.

Mwisho ni wifi yako, ambaye umemtaja kwa maneno machache. Binti huyu alijitia hatarini kwa ajili ya mwanao, kwa hiyo usimtaje, hata mbele ya mume wako, mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Hakuna haja ya kusema “nimesikia umeongea na mzee wa Mbagala”. Dawa ya mchango uliyoikuta na maneno ya kimeo aliyoyasema mama mbele yako yanatosha kuwa sababu ya mazungumzo yote niliyoyaeleza. Mshukuru faraghani, mfundishe dalili za hatari za kikohozi nilizozitaja, maana mchana yeye ndiye atakayekuwepo, na umwombe kwamba siku akiona mtoto anavalishwa nguo za kutokea nanyi hamjaambiwa, akupigie simu kwanza, kabla ya kufikiria nani atakasirika. Hakikisha ana namba yako ya ofisini na ya mume wako pia, kwa kuwa simu yako inaweza kuwa imezima.